Barua kwa mwanangu aliyeko Dar: ile posti ifute

Wete, Pemba, Desemba 2020

Mama, asalaam alaykum. Sisi wazima, mamako mguu bado lakini anatembea. Ile posti umeifuta? Nduguyo kanionesha jana usiku kwenye simu yake, nikaisoma mara mbili nikavua miwani. "Wazee wameuza damu kwa kiti," ati kwa vile chama chetu cha ACT-Wazalendo kimekubali kuingia serikali ya umoja wa kitaifa na CCM. Hivi unajua nani anasoma maneno kama hayo? Sheria ya makosa ya mtandao ipo toka 2015 na haikuulizi ulikuwa na hasira au unatania. Ifute kwanza, halafu tuzungumze, maana hoja yako siikatai yote.

Siku Maalim Seif, kiongozi wetu, anaapishwa na mie roho iliniuma, usidhani. Wametutangazia kura za urais kapata asilimia 19.87, mie niliyepanga foleni toka alfajiri siiamini, halafu hiyo hiyo nisoiamini ndo inompa Umakamu wa Kwanza wa Rais, kwa sababu katiba ya Zanzibar toka 2010 inataka chama cha pili kipate asilimia 10 kwenda juu. Kwa hiyo ukikikalia kiti umezikubali hesabu. Hilo umelisema wewe na ni neno zito, nimelipeleka barazani jioni wazee wakanyamaza, mmoja akauliza nani kasema, nikamwambia binti yangu. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele.

Lakini unaandika kama vile ukali hatujawahi kuujaribu. 2015 uchaguzi ukafutwa na Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, ule wa marudio wa Machi 2016 tukasusia, Dokta Shein wa CCM akatangazwa rais kwa asilimia 91, na sisi tukakaa miaka mitano Baraza la Wawakilishi hatuna wa kusema hata "hapana". Sasa niambie tulipata nini. Na upole nao sisemi umetulipa. Muafaka wa 1999 na CCM ulibaki makaratasi, 2010 tukapiga kura ya maoni ya serikali ya umoja, asilimia 66 tukasema ndio, tukakumbatiana, miaka mitano baadae Jecha akafuta. Yote mawili nimeyala, ladha zake nazijua.

Ninachotaka ukifikiri ni kingine kabisa. Weka wizi wa kura pembeni, najua upo, lakini uweke pembeni kidogo. Pemba tunayo toka 1995, mwaka ule Salmin wa CCM asilimia 50.2 Maalim 49.8, huku kwetu hakuna wa kumbembeleza. Tatizo ni kura za watu wa mashamba, vijijini Unguja. Mtu wa kule ambae babake alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, sisi tukisimama jukwaani tukasema "mamlaka kamili" ya Zanzibar tunapigiwa makofi huku, yeye kule anasikia shamba linarudi kwa mwenyewe wa kabla ya Mapinduzi. Miaka ishirini na tano na hatujakaa nae chini tukamwambia la, eka zako ni zako. Chama kikibadilisha maneno kwa ajili ya huyo mtu mie sioni usaliti, madai yenyewe ni yale yale. Wewe kwenye komenti umemwita zuzu. Zuzu anapiga kura mama, na kila uchaguzi anazipeleka kule kule.

Umeifuta?

Nakuuliza tena kwa sababu najua mdomo huo umeutoa wapi. Yale ya Januari 2001, waandamanaji wetu walipopigwa risasi, unayajua, umehadithiwa mpaka umechoka, ila waliokuhadithia hawakukwambia kuwa mimi kwenye ile wiki nilisema maneno makubwa sana pale sokoni, kisha boti ya kukimbilia Shimoni, Kenya, ilipopatikana nilipanda mie. Mamako alibaki na wewe mgongoni. Hajawahi kunisema, hata siku moja. Basi tuliache.

Na ile 2016 tulivyosusiana. Dukani kwa jirani tuliacha kununua kwa vile yeye ni wa CCM, sukari kilo moja naipandia gari mpaka mjini. Mkewe alipofariki sikwenda kuzika. Nilikaa hapa ukumbini, dirisha nusu wazi, nasikia wanapita na jeneza, wanasoma, sikunyanyuka. Mwaka jana bibi yako alipoondoka nani alikuwa wa mwanzo kuja na jembe? Mwanawe yule jirani. Alichimba mpaka kanzu ikawa udongo mtupu. Siku hizi babake namsalimia vizuri na sukari nanunua kwake, naacha na chenji.

Sasa ya hapa. Karafuu mwaka huu ziko, lakini mvua inatusumbua, kila tukianika linatokea wingu, tunakimbilia majamvi kama watu walioibiwa. Juzi zimelowa tukazirejesha ndani, nyumba nzima inanuka, mamako anapiga chafya. Zikikauka tu nitazipeleka kituoni ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, na ada yako nitatuma, usikope kwa mtu. Yule mbuzi mweusi kazaa wawili. Bati la jikoni linavuja pale pale.

Boti ya Jumamosi nimempa mtu kifurushi, kuna halua mbili, moja yako na moja ya mwenye nyumba wako, usile zote. Kuna na dawa ya kikohozi ya mamako, hiyo inywe hata kama hukohoi, kasema. Nenda bandarini mapema, huyo mtu hana subira.

Siasa usiache, sijasema uache. Nenda vikaoni, simama, wakabili hao wazee uso kwa uso, waulize wamepewa nini na wameahidiwa kwa maandishi au kwa mdomo, maana hata mie nataka kujua. Huko kikaoni sema ukali utakao. Lakini simuni usiku wa manane, peke yako, na jina lako na picha yako ya hijabu ya chuo, hapana.

Simu yangu haina bando. Ukishaifuta piga skrinshoti umtumie nduguyo, atanionesha.

Babako