Anwani ya kudumu iuzwe pamoja na jina lake

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe watoa huduma za intaneti wanaotuhudumia hapa Kisumu kwamba anwani ya IP ya kudumu (namba isiyobadilika inayoitambulisha kompyuta kwenye intaneti) haijakamilika mpaka iandikiwe jina.

Wateja wengi hudhani kwamba wakishalipia kikoa, yaani jina la intaneti, cha .co.ke na kukielekeza kwenye seva yao, kazi imekwisha. Kumbe kompyuta ya mbali ikitaka kujua jina la anwani iliyoipigia hodi, haikiulizi kikoa hicho, bali huigeuza anwani kinyumenyume, ikaiongezea in-addr.arpa, mkia uliotengwa kwa maulizo ya namna hii, kisha ikaomba rekodi ya PTR, yaani ile inayotaja jina la anwani; kwa mfano, 192.0.2.25 huulizwa kama 25.2.0.192.in-addr.arpa. Hugeuzwa kwa sababu sehemu kuu ya jina la kikoa huwa mwishoni, ilhali sehemu kuu ya anwani huwa mwanzoni. Mamlaka ya kuandika rekodi hiyo hushuka kutoka AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika, hadi kwa mtoa huduma aliyegawiwa fungu husika la anwani, kwa hiyo fundi wa mteja, awe hodari namna gani, hawezi kuiandika asipokabidhiwa.

Chama cha ushirika ninachokihudumia kiliwatumia wanachama taarifa za mikopo kwa barua pepe kutoka kwenye seva yake, na nyingi zikarudishwa kwa maelezo kwamba anwani haina PTR. Tulipompigia simu mtoa huduma, tuliambiwa tuzime ruta na kuiwasha tena! Gmail huitaka rekodi hii waziwazi kwa kila seva inayotuma barua, na ruta haihusiki hata kidogo.

Wapo watoa huduma wanaoweka jina la jumla lililoundwa kwa tarakimu za anwani yenyewe. Hilo halitoshi, maana seva nyingi za barua hulishuku kuwa ni la laini ya nyumbani. Isitoshe, jina lenyewe likiulizwa lazima lirejeshe anwani ileile, kwa kuwa mwenye fungu la anwani anaweza kuandika jina lolote, hata la benki, na hakuna cha kumzuia. Wanaokagua kumbukumbu za seva na kuamini majina wanayoyaona humo wafanye uhakiki huo wa pande mbili.

Ombi langu ni dogo: fomu ya kuunganishiwa huduma iwe na mstari wa kuuliza jina la seva ya mteja, na rekodi iandikwe siku hiyohiyo laini inapowashwa.

Fundi wa mitandao,
Kisumu