Baba, bahasha yako ninayo

Assalaam aleikum, baba.

Nakuandikia hadharani, mimi shangazi yako, kwa sababu milango mingine yote umeifunga. Simu yangu ulikuwa hupokei, kisha ukabadilisha laini. WhatsApp umenizuia. Kundi la ukoo ulijitoa siku ileile ya arobaini ya bibi, masufuria ya pilau hata hayajaoshwa. Nikimwomba baba yako akupe simu, anasema uko shamba. Saa tatu usiku, uko shamba. Najua unasoma mitandaoni ukisubiri magari yapakiwe, basi utaiona hii, na kama hutaiona wewe, atakuonyesha mtu.

Bado nakuita baba. Umebeba jina la baba yangu na ulimi wake pia. Siku ile ulipofungua mdomo nilimsikia yeye.

Nimesikia uko kwenye machungwa. Mama yako kanieleza kwamba unawatembeza matajiri wa Kenya mpaka mashambani, unapatana bei na wakulima, unasimamia wachumaji, unahesabu, unatafuta Fuso, unamalizana na watu wa ushuru, na kwamba msimu uliopita gari liliponasa matopeni ulihamisha mzigo usiku kucha mpaka ukafika salama. Alinieleza kwa unyonge, kama anayenipa habari za mgonjwa. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, nikasema moyoni: huyu mtoto ana shahada ya Ununuzi na Ugavi, anafanya ununuzi na ugavi kila siku ya Mungu, na naapa kwenye wasifu wake hakuna hata neno chungwa.

Liandike, baba. Andika magari mangapi kwa msimu, wakulima wangapi, mzigo ulioharibika ulikuwa kiasi gani ulipoanza na ni kiasi gani sasa. Andika ile habari ya matope kwa mistari miwili. Nimekaa ofisini miaka yote hii, nimebeba maboksi ya barua za maombi kutoka mapokezi kwenda kwa mwajiri, na nimeona wanavyozisoma: wanafunua, wanatafuta kitu ambacho mtu amekifanya kwa mikono yake, wasipokiona wanafunua nyingine. Alama zako za darasani wanazo na wenzako mia. Hilo lori hawana.

Wasifu wako ninaoujua mimi ulikuwa wa steshenari. "Mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa." Yule kijana wa steshenari anao mmoja kwenye kompyuta, anabadilisha majina anauza. Wako alisahau kubadilisha yote. Mafunzo kwa vitendo umefanya Tanga, karatasi inasema Mwanza. Na mdhamini wako wa kwanza, yule mhadhiri, nilimpigia. Alisema hakukumbuki. Siyo kosa lake, anafundisha mamia. Lakini mdhamini hupigiwa simu na wewe kwanza, unamkumbusha ulikuwa nani na uliandika utafiti gani, ndipo unaandika namba yake.

Naam, niliifungua bahasha yako, ile ya maombi ya kazi uliyonipa nikupelekee ofisini kwangu. Niliisoma karatasi kwa karatasi. Hayo yote ningeweza kukwambia Februari 2023, ukiwa umekaa sebuleni kwangu na soksi za mjomba wako mmoja, unakunywa chai. Sikukwambia. Nilikwambia, "Nimeshaipeleka, tuvute subira."

Mwaka mzima na zaidi ulivuta subira. Sikukuu zote mbili ulinipigia, hukuuliza kazi, ulinitakia Idi. Ilikuwa inanichoma zaidi kuliko ungeuliza.

Sasa ile siku. Nimejaribu kuisamehe kwa kila njia ninayoijua na inarudi. Arobaini ya bibi, khitma imekwisha, wanaume barazani wanakula, mimi nimeitwa kwa sababu wazee wanataka karatasi za shamba. Mimi mwenyewe nilikutuma. Nilisema, "Baba, kaangalie kwenye mkoba wangu mweusi, faili la bluu." Nilikuwa nimelibeba lile faili kutoka Dar es Salaam kama lilivyo, sikulipekua. Ulikawia. Ulipotoka ulikuwa na karatasi za shamba mkono wa kushoto na bahasha ya kaki mkono wa kulia. Ukazitua zote mbili kwenye mkeka, katikati ya sahani, mbele ya imamu, mbele ya mashemeji zangu, mbele ya watu waliokuja kumwombea mama yangu. Ukasema: "Shangazi, hii ndiyo ile uliyoipeleka?"

Hukuongeza neno.

Ungeniita uani. Ungenivuta kule kwenye mfenesi ukanitukana unavyotaka, ningepokea. Ulichagua mkeka wa arobaini ya mama yangu. Hapo ndipo nilipokwama mimi, na sioni aibu kulisema: mtoto hamuumbui shangazi yake mbele ya watu siku ya dua. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Mahali ndipo hapakuwa pako.

Lakini unajua kinachonikosesha usingizi si wewe. Ni baba yako. Wakati watu wote wamenyamaza wananitazama, yeye aliinama akaanza kuokota punje za wali zilizomwagika kwenye mkeka, moja moja, akizirudisha kwenye kiganja. Hakunitazama. Akaziokota mpaka zikaisha.

Nikueleze, kwa sababu najua yeye hajakueleza na hatakueleza. Mimi nilipomaliza chuo nilikaa miaka miwili. Juni 2014 nilikuwa mmoja wa wale waliojaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili, zaidi ya watu 10,000 kwa nafasi 70. Nilikaa kwenye kiti cha jukwaani, karatasi juu ya paja, jua la Juni usoni, pembeni yangu dada mmoja mjamzito anajipepea na cheti chake. Nilirudi Tabata kwa miguu kipande kikubwa cha njia, viatu mkononi. Baba yako wakati huo alikuwa dereva wa mkubwa mmoja. Hakuniambia kitu. Alichukua bahasha yangu, akaiweka kiti cha nyuma cha gari, juu ya gazeti la asubuhi. Wiki ya tatu nikaitwa usaili. Nilijibu maswali mwenyewe, hilo hakuna wa kuninyang'anya, lakini mlango ulifunguliwa na kaka yangu. Ndiyo kazi niliyonayo mpaka leo.

Na wewe nilikuwa nakwambia nini miaka yote ile, ukija likizo? "Shangazi yako alipata kwa juhudi zake. Soma."

Hajawahi kunikumbusha. Hata siku ile, pamoja na yote, hakunikumbusha.

Kwa nini sikuipeleka? Mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni. Meneja alikuwa mgeni, ametangaza kikaoni kwamba amechoka na ofisi ya ndugu, na wawili walikuwa wamekwishaondoka. Nina watoto watatu shule, na dawa za bibi yako zilikuwa zinatoka kwangu, uliza yeyote. Ningeingia mle ndani na wasifu unaosema Mwanza, niseme huyu ni mtoto wa kaka yangu? Ningekuangusha wewe na mimi pia. Bahasha niliiweka kwenye faili nikisema wiki ijayo nitakaa na wewe tuirekebishe. Wiki ijayo ukawa umepanda basi umerudi Muheza. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyelala na watoto watatu nyuma yake anaelewa.

Ungeelewa, kama ungeniuliza uani.

Haya, sikiliza mambo ya maana, kwa sababu sitaki ukae miaka mingine ukisubiri mkono wa mtu, wangu au wa mwingine. Cheti chako cha kuzaliwa kina herufi moja zaidi kwenye jina la babu. Cha kidato cha nne hakina, kitambulisho cha NIDA nacho kina. Wewe unaona ni herufi, Sekretarieti ya Ajira, wale wanaosimamia ajira za serikali, wanaona ni watu wawili. Unaweza kufaulu mchujo ukafika mlangoni na vyeti halisi ukarudishwa. Nenda kwa wakili akuandikie hati ya majina, isajiliwe, iingie kwenye faili lako kabla ya tangazo lolote. Halafu jaza akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti yao ya maombi, mpaka mwisho, siyo kama ulivyoiacha. Ni bure. Cheti weka cheti chenyewe, karatasi ya matokeo hawaipokei. Na usibadilishe tena namba ya simu, nakuomba. Mtu akifaulu usaili nafasi zikawa zimejaa, jina lake hubaki kwenye kanzidata, na wengine hupangiwa kituo cha kazi baadaye wakiwa wameshakata tamaa. Wewe laini umebadilisha mara tatu kukimbia watu. Mmoja wao mimi.

Yule aliyekuahidi kazi bandarini ulimlipa shilingi 150,000 "ya kupimwa afya", nikakufokea kwenye simu. Nilikufokea kwa hasira ya kwamba ulimwamini yeye. Lakini maneno yalikuwa ya kweli: anayedai hela ili akupe kazi hana kazi.

Jisajili Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Kwa taaluma yako sheria inataka usajili, na tangazo likitoka wanauliza namba, hawasubiri. TaESA nao, watu wa huduma za ajira wa serikali, wanaandikisha wahitimu na kuwapeleka kwa waajiri kwa mafunzo ya utarajali. Usiseme utarajali ni wa watoto. Muda utakaokaa ndani ya ofisi ukiwa unaonekana ni bora kuliko bahasha ishirini, na hili nalisema nikijua ninalolisema.

Ila ninalotaka ulishike zaidi ni NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Darasani mlifundishwa TANePS, mfumo wa zamani. Tangu 2023 zabuni za serikali zinapita NeST, za halmashauri, za shule, za vituo vya afya. Hapo Muheza na Korogwe kuna wafanyabiashara wana leseni, wana TIN, wana mali dukani, hawana mtu wa kukaa kwenye kompyuta akawasajili, akasoma masharti, akapakia nyaraka kabla muda haujafungwa. Wanakosa zabuni kwa kukosa karatasi moja. Nenda kwa mmoja, mfanyie ya kwanza kwa bei ndogo, akishinda atakutangaza sokoni kuliko tangazo la redio. Ikiwezekana, wewe na wale wenzako wawili wa machungwa undeni kikundi. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na halmashauri inatakiwa kutoa mikopo ya vikundi kutoka mapato yake, sehemu nne kwa vijana katika kila kumi za mikopo hiyo. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii, mwulize kwa mdomo wako wewe, usitume mtu.

Usiache machungwa ukitafuta kazi. Tafuta kazi ukiwa kwenye machungwa. Atakayekuuliza kwenye usaili "umekuwa ukifanya nini tangu 2022?" mjibu kwa sauti kamili. Yule mtoto aliyekuwa anapanga magunia ya bibi kwa ukubwa na kumgombeza babu kwamba hesabu haitimii, mjibu kwa sauti ile.

Mimi sikuwa shangazi mbaya kwako. Nani alikulipia kidato cha tano? Nani alikuja Tanga usiku ulipolazwa? Nayasema haya na najua nisingepaswa kuyasema, ila siku ile mkekani yote yalifutika kwa sentensi moja, na hakuna aliyeyakumbuka, hata wewe. Hata mimi sikuyakumbuka. Nilikuwa naangalia zile punje za wali.

Mkataba walinihuishia, kama unataka kujua. Nafasi uliyoiomba alipata kijana wa Singida, mzuri tu, sina neno naye. Kila nikimwona anasaini vitabu vya stoo nakuona wewe.

Leo asubuhi nilikwenda stendi ya Magufuli pale Mbezi. Bahasha yako ipo kwenye basi la saa nne. Nakala za vyeti ni zilezile, muhuri wa wakili bado unasomeka. Wasifu wa Mwanza nimeutoa. Nimeandika mwingine, nusu, yale ninayoyajua mimi. Sehemu ya machungwa nimeacha wazi, idadi unazo wewe. Jina la mpokeaji nimeandika la baba yako, maana wewe namba yako sinayo tena. Akukabidhi mwenyewe.