Wifi, maneno yale aliyasikia

Wifi yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na za kaka yako ukisikia sauti yangu nyuma unakata. Dagaa uliowapa watu wa hiace wamefika salama, ahsante. Mwanangu, mrithi wa jina la baba yako, anakula vizuri na nywele zimeota tena, laini mno.

Sisahau uliyonitendea. Wadogo zake ulikaa nao wewe, wakaenda shule, wakashiba. Damu ilipotakiwa ulijitolea, wewe unayekimbia hata sindano ya malaria. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, na bado ulisubiri kivuko na sufuria ya samaki mapajani ili nile chakula cha nyumbani pale hospitali ya Bugando, Mwanza, nilikokuwa namuuguza.

Ila ile Jumapili imenikaa kooni.

Alikuwa ametoka kupata dawa ya kwanza. Taya lililovimba hadi jicho likafumba lilikuwa limenywea, sura yake imerudi, na ulipomwona ukapiga vigelegele wodi nzima ikageuka. Nilifurahi pamoja nawe. Nikakueleza kwamba bado kuna dripu nyingine, bado sindano za mgongo, tutakaa miezi. Ukabadilika pale pale. Ukasimama juu ya kitanda chake: "Uvimbe umekwisha, unamtesea nini baba yangu? Mrudishe nyumbani. Kama ni kufa, akafie kwao."

Ulidhani amelala. Alikuwa amefumba macho kwa maumivu ya vidonda vya mdomoni, hata mate yalikuwa hayamezeki. Usiku akaniuliza, "Mama, tukirudi nyumbani ndiyo nitakufa?"

Daktari alipokuja kuturuhusu tukapumzike kidogo kabla ya dripu iliyofuata, mtoto alishika chuma cha kitanda hakuachia. Ilibidi nimbandue kidole kimoja kimoja, huku akilia kuliko alivyowahi kulia kwa sindano yoyote. Nesi akadhani anaumwa. Mimi nilijua analia nini.

Hukunipa nafasi ya kukueleza. Uvimbe ule wa Burkitt unakua haraka kuliko karibu saratani zote, unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo hiyo ukiguswa na dawa unayeyuka upesi. Kuyeyuka si kwisha, wifi. Mabaki yake hujificha, hata kwenye maji ya uti wa mgongo, na ukikatiza dawa unarudi na nguvu mpya. Watoto wangapi wanatolewa wodini wakati huo huo, sura imependeza, ndugu wanashangilia! Wala si jicho baya la mtu wa Sengerema. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958, baada ya kuona watoto wa ukanda wetu huu wa malaria wakiwa na mataya yale yale. Sikumtesa. Nilikataa kumtoa, na ningekataa tena leo.

Ukienda kumwona mtoto wa mtu hospitali, ongea ukijua anasikia. Usimlilie machoni. Usimuulize mama yake mtatoka lini. Mkande miguu, msimulie habari za kuku na mbwa wa nyumbani. Mama akiwa kimya, mwache na kimya chake. Mlisema nimekuwa jeuri, wageni siwasalimii. Nilikuwa na chupa ya mkojo mkononi! Uvimbe ukiyeyuka, uchafu wake wote unapita kwenye figo, kwa hiyo maji yanaingizwa kwa wingi na kila mkojo unapimwa, unaandikwa, usiku na mchana. Siku za sindano ya mgongo nilimkunja mwenyewe, magoti kifuani, kidevu chini, mkono wangu mmoja shingoni na mwingine nyuma ya magoti, huku naitazama ile dawa ya njano ikisukumwa polepole. Nilikuwa namwimbia wimbo wa kupepeta mpunga. Wimbo wako, wifi, ndio pekee uliomtuliza.

Na ng'ombe unaosema nimewamaliza, kaka yako aliwauza kwa ridhaa yake. Muulize.

Sasa dawa amemaliza, tumebaki na kliniki za kuangaliwa. Kaka yako anataka twende huko kwenu wakati wa mavuno, na mtoto akisikia Sengerema anajifungia chumbani. Nimemwambia kwa shangazi hakuna wa kumfanya kitu. Haniamini, maana aliyesema akafie huko ni wewe, na wewe ndiye anayekuamini kuliko sisi wote.

Kwa hiyo njoo. Usitume mtu, usilete mzigo, na mimi si lazima uniombe radhi. Kaa naye, umwambie kwa kinywa chako kwamba kwako anakwenda kucheza. Akikubali, ondoka naye wewe mwenyewe.