Kabla ya miche ya kuni za umeme, tuonyeshwe mizani

Ndugu Mhariri,

Huku Busoga, mashariki mwa Uganda, tunaambiwa kwamba wakulima tupewe miche na mikopo ili tulime mimea ya kuchomwa ili kuzalisha umeme, yaani mikaratusi, kaliandra (mti mdogo wa jamii ya kunde), hata matete. Siupingi wito huo. Mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka na mitambo ya umeme wa maji ya Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani, ikazidiwa, serikali ilikodi mitambo ya dizeli, na anayelikumbuka giza la miezi ile hawezi kuzidharau kuni za shambani. Bwawa la umeme la Karuma la megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024, nalo linategemea Mto Nile uleule.

Wala jambo lenyewe si geni: kiwanda cha Kakira huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme, na sehemu ya umeme huo huuzwa kwenye gridi ya taifa.

Wasiwasi wangu uko kwenye mizani. Msimu mmoja lori lililobeba miwa yangu lilikaa foleni siku tatu nje ya kiwanda kingine, ambacho sitakitaja, jua likiipiga, na ilipopimwa hatimaye nililipwa kwa uzito uliosalia. Kwa kuni hesabu inageuka. Gogo lililokatwa leo karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, na boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke wa kuzungusha jenereta, hupoteza joto jingi kuyageuza maji hayo kuwa mvuke usiozungusha chochote. Zikinunuliwa kwa uzito peke yake, aliyezipanga bandani miezi kadhaa zikauke atapata hasara, na aliyeleta mbichi, zikichuruzika utomvu, atarudi nyumbani na pesa nyingi zaidi. Basi bei ifuate ukavu. Wanunuzi wa mahindi huja na kipima unyevu kinachoshikwa mkononi. Sioni kwa nini mnunuzi wa kuni asije na chake, na mkulima akasoma namba hiyo kwa macho yake.

Mnunuzi pia aseme mapema anataka mmea gani. Matete hukua upesi, lakini majivu yake huyeyuka kwenye joto kali na kuganda ndani ya boila isiyotengenezwa kwa ajili yake, na hasara hiyo isije ikatupiwa mkulima. Mimi ningechagua kaliandra, kwa sababu huchipua tena kisikini, hurutubisha udongo, na majani yake mbuzi wangu huyagombania. Mkaratusi huchukua miaka kadhaa, kwa hiyo mkopo wake usidaiwe kabla ya mavuno ya kwanza, na usipandwe bondeni wala mahali pa mihogo, maana miwa imekwisha kutumezea mashamba ya chakula ya kutosha.

Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ndiyo inayotoa leseni na kuidhinisha bei za umeme. Naomba isimpe leseni mwekezaji yeyote wa umeme wa kuni kabla hajaonyesha mkataba wa ununuzi wenye bei ya mkulima, kiwango cha unyevu na siku za malipo, ulioandikwa kwa Lusoga na Kiswahili, na uliosomwa kwa sauti mbele yetu kabla mche wa kwanza haujatoka kitaluni.

Mkulima wa miwa,
Mayuge