Mkanda usiokubali kupungua

Zuhura mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa hesabu. Unauliza kwa nini mkanda wa makosa, yaani upana wa majibu skeli ya hesabu inapobadilishwa, haukupungua ulipotoka daraja la kwanza la mfululizo kwenda la pili, tena ukapanuka kidogo. Namshuku mmoja, kipande cha logi (ile ln) kilichosahaulika. Ila kwanza tuhakikishe alfa-s yako, namba ya nguvu ya kani inayofunga kwaki (chembe za ndani ya protoni), inakimbia vizuri, yaani inabadilika na nishati inavyotakiwa.

Anza na 0.118 kwenye nishati Q ya GeV 91.19, yaani tungamo la bozoni Z. Kwa kitanzi kimoja, kadirio rahisi kuliko yote, gawa 0.118 kwa 1 + 0.118 × k × ln(Q²/91.19²). Hapa k ni (33 − 2n)/12π, na n ni idadi ya aina za kwaki zilizo nyepesi kuliko Q. Kwa kwaki 5, k ni 0.6101. Ukishuka hadi GeV 4.18, kwenye mpaka wa kwaki b, upate 0.212. Hapo n iwe 4, kisha endelea hadi GeV 1.777, tungamo la tau: 0.28. Ukiona 0.166, umesahau mraba ndani ya logi. Ukiona 0.273, umevuka mpaka bila kubadilisha n. Jibu la vitanzi vingi ni karibu 0.32, kwa hiyo vitanzi ulivyoviacha vinakugharimu zaidi kuliko huo mpaka ambao watu huugombania.

Sasa R, ule uwiano wa hadroni (chembe zilizoundwa na kwaki) kwa jozi za myuoni elektroni inapogongana na positroni. Chukua Q ya GeV 34, nishati mojawapo ya kigonganishi cha PETRA kule Hamburg, na bozoni Z iweke kando. Chaji za kwaki 5 zikipigwa mraba na kujumlishwa hutoa 11/9. Zidisha kwa rangi 3, unapata 11/3. Mfululizo wenyewe ni 11/3 × (1 + a + 1.41a² − 12.8a³), a ikiwa alfa-s iliyogawanywa kwa π.

Skeli mu ni nishati tunayochagua kukokotolea alfa-s; kwa desturi tunajaribu Q, nusu yake na mara mbili yake. Mu ikiwa 34, alfa-s ni 0.1375 na daraja la kwanza (1 + a tu) linatoa 3.827. Mu ya 17 inatoa 3.848, ya 68 inatoa 3.810. Upana: 0.038.

Daraja la pili, ukiongeza kipande cha a², ndipo mtego ulipo. Ile 1.41 ni halali pale tu mu inapolingana na Q. Ukiisogeza mu, lazima uandike 1.41 + 1.917 × ln(mu²/Q²), ile 1.917 ikiwa (33 − 2n)/12. Ukifanya hivyo, mu ya 17 na ya 34 zote zinatoa 3.837, ya 68 inatoa 3.833. Upana umebaki 0.004. Ukiacha logi, unapata 3.861 na 3.818, upana 0.043, mkubwa kuliko wa daraja la kwanza! Nadhani ndiyo dalili uliyoniandikia. Sababu yake ni nyepesi: mu ni chaguo letu, maumbile hayaijui, na logi ndiyo inayofuta mabadiliko ambayo alfa-s imeyaleta. (Nimetumia mkimbio wa kitanzi kimoja ili uweze kufuata kwa kikokotoo. Kwenye kazi yenyewe, daraja la pili lataka vitanzi viwili.)

Jambo jingine, usije ukaandika mkanda huo kama kosa la kitakwimu. Jaribu: ongeza kipande cha −12.8a³ kwenye mu ya 34. R inashuka kwa 0.004 hadi 3.833, pale pale ukingoni mwa mkanda. Tena mkanda wenyewe umeegemea upande mmoja: 3.837 iko juu kabisa, hakuna kitu juu yake. Kwa hiyo kuandika 3.837 ± 0.002 kungekuwa kujidanganya. Andika mu tatu na jibu la kila moja, msomaji ajionee.

Nitumie namba zako za mu 17 na 68 za daraja la pili. Zikiwa karibu na 3.861 na 3.818, tumemkamata. Zikiwa nyingine, angalia kama programu yako inapata a kwa kugawa alfa-s kwa π au kwa 4π. Wakokotoaji hawajakubaliana hadi leo, na 1.41 ya upande mmoja ni 22.6 ya upande mwingine.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako