Boone, na stesheni yetu ya Voi

Boone, Iowa, Marekani

Kaka Mwakio,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Wakesho na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kuuma. Kimya kimekuwa kirefu, nami ningeendelea kuahirisha kama si hiyo barua yako kuhusu stesheni ya zamani ya Voi. Unauliza kama mji uliozaliwa na reli hufa reli ikihama. Nakujibu kwa habari za Boone, na tafadhali msomee Mzee Righa kabla kamati haijatia sahihi karatasi yoyote.

Kabla ya Boone palikuwa na Boonesboro, makao ya wilaya tangu 1851, na mahakama yake na maduka yake. Reli ya kutoka Cedar Rapids kwenda mto Missouri ilipokaribia, watu walijua itapita kwao. Haikupita. John Blair, tajiri wa New Jersey aliyekuwa akiijenga, aliipeleka mashariki kidogo. Mwaka 1865 vikapimwa viwanja vipya huko, stesheni ikawekwa katikati, vikauzwa. Mji huo ukaitwa Montana, mwaka 1871 ukawa Boone, na mwaka 1887 ukaimeza Boonesboro. Mahakama peke yake ndiyo iliyokataa kuhama. Mpaka leo iko upande wa magharibi. Kwa hiyo kaka, msikodolee macho reli tu. Ulizeni ardhi inayozunguka stesheni ina hati ya nani.

Kwa nini Boone ikakua na vituo vingine vikabaki vijiji? Ni kazi ya injini ya mvuke. Inataka maji kila baada ya maili chache, inataka makaa, jivu liondolewe, vyuma vitiwe mafuta. Na wafanyakazi wa treni siku zile walihesabiwa maili 100 hivi kuwa kazi ya siku moja. Basi kila umbali wa namna hiyo ilibidi pawe na mji wa kubadilisha injini na watu: karakana, banda la injini, nyumba za kulala, mikahawa ya usiku. Boone ilikuwa mmoja wa miji hiyo kwenye reli ya Chicago and North Western. Nairobi nayo mwaka 1899 ilianza hivyo hivyo, uwanja tambarare wa kupanga vifaa kabla ya kupanda milima ya Limuru.

Tabu ya Boone ilikuwa bonde la mto Des Moines, hapo magharibi tu. Reli ya kwanza ilishuka bondeni, ikavuka mto hadi kijiji cha Moingona, ikapanda tena. Treni nzito haikuweza kupanda peke yake, kwa hiyo Moingona kulikaa injini za kusukuma kwa nyuma. Usiku wa tarehe 6 Julai 1881 mvua ilibomoa daraja la kijito cha Honey Creek. Injini moja ya kusukuma iliyotumwa kukagua njia ikatumbukia na watu wanne, wawili wakafa. Kate Shelley, msichana wa Kiayalandi aliyeishi karibu, alisikia kishindo. Akavuka daraja refu la mto kwa magoti na mikono, taa imezimika, mataruma (magogo yanayolaliwa na reli) yameachwa mbali mbali makusudi ili watu wasipite kwa miguu. Akafika stesheni ya Moingona akatoa habari. Treni ya abiria iliyokuwa ikija ikazuiwa katika mji wa Ogden, na Kate akawarudisha waokoaji kwa wale wawili waliokuwa wameshikilia miti. Baadaye akawa stesheni masta wa Moingona. Watu wa hapa wanamtaja kama sisi tunavyowataja wazee wetu, na nadhani wana haki.

Lakini hata ushujaa wake haukuiokoa Moingona. Mwaka 1901 likamalizika daraja jipya lenye urefu wa futi 2,685 na kimo cha futi 185, juu kabisa ya bonde. Treni kubwa hazikushuka tena, injini za kusukuma hazikuwa na kazi, Moingona ikasinyaa ikawa vijumba vichache. Daraja hilo nalo likachoka: miaka ya mwisho treni zilitambaa, moja moja, ingawa njia zilikuwa mbili. Mwaka 2009 kampuni ya reli ya Union Pacific ikafungua jingine pembeni yake. La zamani bado limesimama.

Dizeli nayo ilipokuja haikuhitaji maji wala banda la jivu, karakana zikapoteza kazi. Hapa ndipo nataka msikilize vizuri. Mwaka 1983, njia ndogo ya kaskazini, iliyowahi kuwa ya treni za umeme, ilikuwa inaachwa. Wakazi wakachangishana wakainunua kabla reli hazijang'olewa. Leo inabeba watalii juu ya madaraja yale yale, na mwaka 1989 wakaleta injini mpya ya mvuke kutoka Datong, China! Siri yao ni moja: walinunua njia ikiwa bado imeungana. Pointi, zile sehemu za kugawa njia, zikiondolewa na mataruma yakiuzwa kuni, kuirudisha ni kujenga upya.

Ninyi mna njia ya Taveta imeota vichaka, na unasema wanunuzi wa chuma chakavu wameanza kuzungukazunguka. Anzeni hapo. Pigeni picha kila pointi, tangi la maji na kibao cha jina la stesheni. Hesabuni reli zilizobaki na mwandike namba zilizochorwa ubavuni mwake. Mtu akija usiku na gesi ya kukatia, msimamizi ataulizia ushahidi huo kwanza.

Sasa nijibu: hati ya kiwanja cha stesheni iko wapi? Landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, bado zina watu? Pointi ya kwenda Taveta ipo au imeshang'olewa? Na yule kijana wa Mama Mkabili aliyesomea upimaji, amekubali kuwachorea ramani? Nitumie picha hata kama hazijakamilika, na uniambie kikao ni lini.

Ndugu yako,
Juma