Barua ya Malalamiko: Soketi za Monita za Masikioni Zilizolegea na Waranti Mliyoikataa

Kwaya, Idara ya Mitambo,
Ilemela, Mwanza.
Septemba

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA WARANTI YA MONITA ZA MASIKIONI ZILIZOLEGEA SOKETI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mitambo wa kwaya ya kanisa hapa Ilemela. Mwezi Machi mwaka huu tulinunua katika duka lenu la Mwanza seti sita za monita za masikioni, yaani spika ndogo ambazo mwimbaji huvaa sikioni ili ajisikie akiwa jukwaani, zile ambazo waya unachomoka kwenye spika ili ukikatika ubadilishe waya peke yake. Risiti ya EFD na kadi ya waranti ya mwaka mmoja nimeambatanisha nakala zake. Fedha ile ni michango ya wanakwaya, wengi wao akina mama wanaouza dagaa na sangara pale Mwaloni Kirumba. Walichanga kwa sababu mimi niliwashawishi. Niliwaambia kwamba mwimbaji akijisikia vizuri sikioni hahitaji kukaza koo kushindana na spika za jukwaani, na hilo ni kweli hadi leo.

Kufikia Julai, seti nne kati ya sita zilikuwa zimelegea kwenye soketi, yaani pale waya unapoingia kwenye spika. Mwimbaji akigeuza shingo, sauti inakwaruza, kisha inakata, kisha inarudi. Wakati mwingine besi inapotea, inabaki sauti nyembamba ya juujuu. Agosti tulialikwa kwenye mkutano wa injili wa uwanjani. Katikati ya wimbo wa tatu spika ya kulia ya mwimbaji wetu wa kuongoza ilibaki sikioni huku waya umechomoka, ukawa unaning'inia begani. Kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo ya wimbo aliokuwa akiufuata, ikapotea upande huo. Akafanya ambacho mwimbaji yeyote angefanya: akashika kipokezi cha kiunoni na kuongeza sauti ili sikio la kushoto libebe kazi ya masikio mawili. Aliimba hivyo hadi mwisho. Usiku ule alilalamika kwamba sikio linavuma.

Naomba mlitazame jambo hilo kwa uzito wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unapungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10. Jukwaani mtu hupita hapo haraka sana. Kwa hiyo soketi iliyolegea inamsukuma mwimbaji kuumiza sikio lake mwenyewe, na sikio likishakufa duka lenu haliuzi jingine.

Niliwatumia seti mbili mbovu zaidi kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi, zaidi ya kilomita 1,000, kwa gharama ya kwaya. Majibu yenu yalisema mambo matatu: kwamba tumezitumia vibaya, kwamba unyevu wa ziwani umeziharibu, na kwamba waya ni kifaa cha ziada ambacho waranti yake ni miezi mitatu tu. Nitayajibu yote.

Naanza na waya. Kasoro haipo kwenye waya. Kabla ya kutuma chochote nilibadilisha pande: waya wa kushoto nikauchomeka kwenye spika ya kulia na wa kulia kwenye ya kushoto. Kasoro ilibaki kwenye spika ileile, haikuufuata waya. Kisha nikachukua waya wa seti ambayo haijalegea nikauchomeka kwenye spika zile mbovu. Zikacheza vilevile, ukizitikisa mkononi unaziona zinayumba. Nikarudisha waya wa seti mbovu kwenye spika nzima, ukakaa imara na sauti haikukata. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote, na fundi wenu angeweza kukifanya kwa muda mfupi kuliko ule aliotumia kuandika ile fomu ya kukataa.

Kiungo mlichotumia ni cha aina ya MMCX. Kwenye kichwa cha waya kuna pini nyembamba katikati, na kuizunguka kuna pete ndogo iliyoachwa mwanya, ina umbo la herufi C. Ukisukuma, pete inajibana, inapita mdomo wa soketi, halafu inatanuka ndani ya mfereji uliochongwa humo, ndipo unasikia "tak". Pete hiyo ndiyo inayoishika spika isidondoke, na mgusano huohuo wa chuma kwa chuma ndio unaopitisha umeme wa sauti. Mfereji ukilika, vyote viwili vinaharibika kwa pamoja. Halafu kiungo hiki kinazunguka digrii 360. Mnakisifia hivyo kwenye boksi, na ni sifa kweli kwa mtu anayetaka waya umkae vizuri nyuma ya sikio, lakini kila mzunguko ni msuguano. Asili yake ni vifaa vya redio, ambako fundi anakichomeka ndani ya boksi na kukiacha humo. Hata hivyo watengenezaji wengi wa viungo hivi hukikadiria kuchomekwa na kuchomolewa mara 500. Sisi waya hatuuchomoi ila kwa nadra. Baada ya ibada seti inakunjwa nzima na kuingia kwenye kikasha chake. Soketi iliyolegea ndani ya miezi minne kwa matumizi ya aina hiyo ilitoka kiwandani na vipimo visivyolingana na pete yake, au chuma chake ni laini mno.

Fundi simu mmoja wa Makoroboi alikubali kuiweka spika moja chini ya darubini anayotumia kusoldia. Nilitazama mwenyewe. Mdomo wa soketi ulikuwa umechimbika upande mmoja, upande ambao uzito wa waya unavuta kuelekea nyuma ya sikio. Rangi ya dhahabu ilikuwa imekwanguka hapo na shaba ikawa wazi, inang'aa. Upande wa pili dhahabu ilikuwa safi kama mpya. Hapakuwa na ukijani wala unga mweupe, yaani hapakuwa na dalili ya kutu mahali popote. Picha alizopiga nimeziambatanisha.

Hapo ndipo hoja yenu ya unyevu wa ziwani inapokosa miguu. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi. Kinachokula viungo vya umeme kwa kasi ni chumvi, na upepo wenye chumvi uko huko kwenu ufukweni mwa Bahari ya Hindi kuliko huku kwetu. Jasho lina chumvi, sikatai, lakini mwimbaji hutoka jasho awe Mwanza, Dodoma au Arusha, na bidhaa hii mmeitangaza kwa picha ya mwimbaji aliye jukwaani. Baada ya kila ibada tunafuta spika kwa kitambaa kikavu, na mara kwa mara naigusa soketi kwa kijiti chenye pamba na spiriti. Kama hewa ya hapa haifai kwa bidhaa zenu, mbona mmefungua duka katikati ya jiji la Mwanza na kuziuza humo?

Kuhusu matumizi mabaya, kadi yenu inasema mtumiaji ashike kichwa cha chuma na kukivuta moja kwa moja, asivute waya na asikipinde. Niliwafundisha wanakwaya hivyo siku ya kwanza, na anayechomoa kwa nadra ni mimi peke yangu. Fomu yenu haikutaja alama yoyote ya kuvutwa au kupindwa. Imeandikwa tu "matumizi mabaya", bila maelezo, bila picha.

Lililoniuma kuliko yote ni hali ambayo seti zilirudi nayo. Spika moja mdomo wake ulikuwa umebanwa kwa plaizi, meno ya plaizi yanaonekana kwenye chuma. Ilishika kwa muda mfupi, kisha ikalegea zaidi ya mwanzo, na sasa inakwangua pete ya kila waya unaoingizwa humo. Nyingine ilikuwa imetiwa gundi. Nasema gundi, ile inayokauka haraka na kuacha ukungu mweupe. Fundi wenu aliidondosha kwenye kiungo ili waya usitoke tena, na kweli hautoki. Spika tuliyoinunua kwa sababu waya wake unabadilishwa sasa ina waya usiobadilishwa. Na waya huohuo umeanza kukatika karibu na jeki ya milimita 3.5, ukiukunja pale sauti ya kulia inapotea. Waya wa akiba ninao mkononi, niliununua dukani kwenu, na hauna pa kuingia. Gundi ikishapenya hadi kwenye pini ya katikati, kuing'oa ni kuing'oa na soketi yenyewe. Nimeshika vifaa vya sauti kwa muda mrefu na sijaona kampuni ikimfanyia mteja hivi halafu ikamwandikia kwamba aliyeharibu ni yeye.

Wafanyakazi wa duka la Mwanza siwalaumu. Dada wa mauzo alinipokea kwa heshima kila nilipofika, na ndiye aliyenishauri niandike kwenu moja kwa moja. Siku tunanunua nilimweleza kinagaubaga kwamba seti ni za kwaya, za jukwaani, za kuimbia kila wiki, naye akatuchagulia hizi kwa maelekezo aliyopewa na ninyi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ikafanye na kutegemea ujuzi wake. Sisi ndio mnunuzi huyo.

Ninachoomba ni hiki. Spika zote za seti nne zilizolegea zibadilishwe, ziwe mpya, au zifungwe soketi mpya na fundi anayejua kusoldia kwenye nafasi finyu bila kuunguza spika ya ndani. Zile mbili zilizobanwa na kutiwa gundi sizikubali kwa matengenezo ya aina yoyote. Hizo nataka mpya pamoja na waya wake. Seti mbili ambazo bado ni nzima ziandikiwe kwenye kadi kwamba soketi iko ndani ya waranti ya mwaka mmoja, maana soketi imejengwa ndani ya spika na haiwezi kuitwa kifaa cha ziada. Nauli ya mzigo ya kwenda na kurudi irejeshwe kwa kwaya. Stakabadhi za basi zipo kwenye bahasha hii. Na mafundi wenu wakatazwe kuweka gundi kwenye kiungo cha mteja, hata kama mteja huyo yuko mbali na hatakuja kusimama dirishani kwenu. Kuna wapiga bendi na kwaya nyingine hapa jijini, na ng'ambo Sengerema na Ukerewe, waliozinunua baada ya kuziona kwetu, na wameanza kuniuliza kwa nini zao zinachezacheza.

Safari hii sitazituma kwa basi. Nitazikabidhi kwa meneja wa duka la Mwanza, nikiwa na orodha ya namba za kila spika na picha za hali yake siku ya kukabidhi, naye atasaini. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, yakiwa na jina na cheo cha aliyezikagua na maelezo ya alichokiona kwenye kila soketi. Nisipoyapata, nitapeleka nakala ya barua hii na vielelezo vyake Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji.

Tuna uzinduzi wa albamu mwezi Novemba. Ningependa waimbaji wetu wapande jukwaani siku hiyo na seti zote sita zikiwa zinafanya kazi.

Wako katika huduma,

Fundi Mitambo wa Kwaya,
Ilemela, Mwanza.

Nakala: Mwenyekiti wa Kwaya, Meneja wa Duka, Mwanza.

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, kadi ya waranti, fomu yenu ya kukataa, picha za soketi, stakabadhi za mzigo.